Gome la Mti na Jeni Zako: Uliza Kiasi Kabla ya Kunywa

Dawa za magome siku hizi zimepata maneno mapya. Zamani muuzaji alikuambia gome hili ni la tumbo, lile ni la mgongo, na lile jingine ni la mzee anayeamka mara nne usiku kwenda haja ndogo. Leo kwenye kopo la unga uleule utasoma kwamba dawa "inafika hadi kwenye jeni", kwamba inawasha jeni za kinga na kuzima jeni za saratani. Maneno hayo hayakuzuka tu. Zipo maabara ambamo kemikali zilizotolewa kwenye magome zimeonekana kugusa vidhibiti vya jeni ndani ya seli. Kazi ya makala haya ni kukusaidia kupima mwenyewe umbali uliopo kati ya maabara hizo na kikombe chako.

Ukilisahau jingine lolote, lishike swali hili: ni kiasi gani cha hiyo kemikali kinachofika kwenye seli? Anayeuza akishindwa kulijibu, hadithi ya jeni haijakamilika, hata kama gome lenyewe lina faida nyingine.

Jeni hufunguliwaje na kufungwaje

Seli ya ini na seli ya jicho zina DNA ileile uliyorithi kwa wazazi wako, yenye jeni zinazokaribia 20,000. Zinatofautiana kwa sababu kila seli hutumia baadhi tu ya jeni hizo na kuziacha nyingine zimefungwa. Elimu ya namna jeni zinavyofunguliwa na kufungwa bila herufi za DNA kubadilika ndiyo epijenetiki, jina lililoingizwa kwenye sayansi na Mwingereza Conrad Waddington mwaka 1942.

DNA ya seli moja ikinyooshwa hufikia urefu wa karibu mita 2. Ili ienee ndani ya kiini, huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kibiringo. Ulipobana, jeni hazisomeki, ulipolegea, zinasomeka. Vipo vimeng'enya vinavyobandika kemikali ndogo iitwayo asetili kwenye histoni, na uzi hulegea. Vipo vingine vinavyoibandua, na uzi hukaza tena. Njia nyingine ni kubandika metili kwenye DNA yenyewe, jambo ambalo mara nyingi huinyamazisha jeni.

Kutibu kwa kugusa vidhibiti hivi si ndoto. Marekani iliidhinisha azacitidine mwaka 2004 kwa magonjwa fulani ya uboho, dawa inayopunguza metili kwenye DNA. Mwaka 2006 ikaidhinisha vorinostat kwa aina ya saratani inayojitokeza kwenye ngozi, nayo huzuia vimeng'enya vinavyobandua asetili. Zote mbili hutolewa kwa kipimo cha miligramu, damu ya mgonjwa huangaliwa mara kwa mara, na madhara yake si madogo. Hivyo ndivyo dawa ya epijenetiki ilivyo katika hospitali: ni kitu kizito, na hutumiwa kwa tahadhari.

Gome lililopimwa kwa namba

Tuchukue gome ambalo historia yake inajulikana vizuri, la mwerebi wa Ulaya. Mwaka 1763 kasisi Edward Stone wa Oxfordshire, Uingereza, aliiandikia Royal Society ya London kwamba unga wa gome hilo uliwapa nafuu watu wapatao 50 waliosumbuliwa na homa za vipindi. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alilitoa kwenye gome hilo kiini chungu kiitwacho salisini, ambacho mwilini hugeuka kuwa asidi ya salisili. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa Bayer, alitengeneza ndugu yake aliye laini zaidi kwa tumbo, na mwaka 1899 dunia ikaanza kuuziwa aspirini.

Gome hili hatimaye lilikutana na epijenetiki. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya Gladstone, San Francisco, walionyesha kwamba salisilati huzuia p300 na CBP, vimeng'enya viwili vinavyobandika asetili. Habari hiyo inatosha kumpa mwandishi wa matangazo kichwa cha habari: gome la mwerebi lageuza jeni.

Sasa tulete lile swali letu. Katika majaribio hayo salisilati ilihitajika kwa kiwango cha milimoli kadhaa kwa lita. Mtu anayetumia dondoo la gome la mwerebi kwa kipimo kilichozoeleka Ulaya, chenye miligramu 240 za salisini kwa siku, hupata salisilati inayolingana na takriban miligramu 87 za aspirini, yaani chini ya theluthi moja ya kidonge cha miligramu 300. Katika damu yake kiwango hicho huhesabiwa kwa mikromoli, na inahitajika mikromoli 1,000 kutimiza milimoli moja. Pengo lililopo ni la mamia ya mara. Ukijaribu kuliziba kwa kunywa vikombe vingi zaidi, masikio yataanza kuvuma, tumbo litaumia, na salisilati ikifika katika damu kwa kiwango kile cha kwenye sahani ya maabara, daktari wa zamu atakupokea kama mtu aliyekunywa sumu.

Nafuu ya maumivu inayotokana na mwerebi ni ya kweli, ila haihitaji jeni kuguswa ili ipatikane. Dawa inaweza kukufaa kwa njia moja, halafu ikauzwa kwa sifa ya njia nyingine. Ukiwa na maumivu ya mgongo, jambo la kuuliza ni kama gome linapunguza maumivu, na kwa kipimo gani. Habari za p300 waachie watafiti.

Kwa nini kemikali nyingi za gome haziendi mbali

Mti hutunza kemikali kwenye gome ili kujilinda na wadudu, kuvu na wanyama. Nyingi kati yake ni tanini na jamaa zake waitwao polifenoli. Huko Njombe miwati imelimwa kibiashara kwa miaka mingi kwa ajili ya tanini za kulainishia ngozi, kwa sababu tanini hung'ang'ania protini. Ukakasi unaokausha ulimi ukitafuna gome ni tanini hizohizo zikishika protini za mate yako.

Tabia hiyo huleta mtego maabara. Ukimwaga dondoo lenye tanini kwenye sahani yenye kimeng'enya cha epijenetiki, kimeng'enya kitasimama. Lakini ungeweka kimeng'enya kingine chochote, huenda nacho kingesimama. Mwaka 2014 wanakemia Jonathan Baell na Michael Walters waliandika katika jarida la Nature kuwaonya wenzao juu ya kemikali za namna hii, ambazo huonekana kufaulu katika kila jaribio kwa sababu hazichagui. Kwa hiyo ukisikia kwamba gome moja "linazuia saratani, virusi, kisukari na uzee" kwa kuwa lilifaulu kwenye majaribio mengi ya sahani, wingi wa sifa hizo ukupunguzie imani badala ya kukuongezea.

Baada ya sahani kuna mwili. Molekuli kubwa za tanini hazipenyi ukuta wa utumbo. Zile ndogo zinazopenya hupita kwanza kwenye ini, ambako hubandikwa vitu vya kuziyeyusha na kutolewa kwa mkojo. Honokioli ya gome la magnolia, linalotumika katika tiba za Kichina, imeonekana maabara kupunguza kazi ya vimeng'enya vinavyobandua asetili katika seli za saratani. Seli hizo zilikuwa zimeoga kwenye dawa moja kwa moja. Seli zako hazitaoga hivyo kwa kikombe cha chai.

Mkondekonde: mfano wa kusoma ushahidi

Wasomaji wa milimani wanaufahamu mti ambao Wachaga huuita mkondekonde na Wakikuyu muiri, kwa jina la kitaalamu Prunus africana. Gome lake limetumika kutibu wazee wenye tezi dume iliyovimba, na tangu miaka ya 1960 Wafaransa wamekuwa wakitengeneza dondoo lake kwa vidonge.

Hapa ushahidi unatoka kwa watu. Mapitio ya Cochrane yaliyokusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562 yalionyesha kwamba waliotumia dondoo walikuwa na uwezekano maradufu wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19. Majaribio yenyewe yalikuwa mafupi, marefu zaidi yakifika kama miezi 4, kwa hiyo hayajibu maswali ya miaka.

Upande wa jeni, watafiti wa Jena, Ujerumani, walitoa kwenye gome hilo asidi ya atrariki na kuonyesha kwamba hukizuia kipokezi cha homoni ya kiume katika seli. Kipokezi hicho hufanya kazi kwa kukaa juu ya DNA na kuita vimeng'enya vya kufungua au kufunga jeni, kwa hiyo njia ya kuelekea kwenye epijenetiki ipo na ina mantiki. Hata hivyo, mzee aliyepata usingizi alipata kwa sababu dondoo zima lilipimwa kwa watu kama yeye. Asidi ya atrariki peke yake haijampa usingizi huo.

Mambo mawili ya vitendo yanafuata. Kwanza, dondoo lililopimwa hutolewa kwa vimiminika vinavyoyeyusha mafuta, kwa sababu viini vyake vingi haviyeyuki vizuri kwenye maji. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 100 kwa siku. Gome ulilochemsha jikoni ni dawa nyingine, na namba za Cochrane haziihusu. Pili, mkojo unaokatika unaweza kuwa dalili ya saratani ya tezi dume. Nenda kapimwe kwanza, kisha ndipo uamue kuhusu gome. Usianze na gome ukapoteza mwaka.

Mti wenyewe pia unahitaji huruma. Tangu 1995 biashara ya kimataifa ya mkondekonde inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES, kwa kuwa miti mingi iliangamizwa kwa kuchunwa magome. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti huweza kufa. Ukinunua, muulize muuzaji alikolitoa.

Mdalasini: gome lililomo jikoni mwako

Gome ambalo wengi wetu hulitumia kila wiki ni mdalasini. Nalo limepewa sifa za epijenetiki kutokana na kazi za maabara, na wapo wanaolila kwa vijiko wakitarajia sukari ishuke na jeni "zisafishwe". Hapa tahadhari yangu ni ya namba.

Mdalasini upo wa aina mbili kubwa sokoni. Ule wa kweli, unaohusishwa na Sri Lanka, una kumarini kidogo mno. Ule wa kasia, unaotoka hasa China, Indonesia na Vietnam, una kumarini nyingi, na kumarini kwa wingi huweza kuliumiza ini la watu wenye hisia kali. Wataalamu wa Ulaya wameweka kiwango cha kumarini kinachovumilika kila siku kuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Taasisi ya Ujerumani ya tathmini ya hatari, BfR, imekadiria kwamba mtu mzima mwenye kilo 60 hukifikia kwa gramu 2 hivi za unga wa kasia kwa siku, na mtoto wa kilo 15 kwa nusu gramu.

Kwa chai na pilau hakuna shida. Shida huanza kwa anayekula kijiko kila asubuhi kwa miezi kama dawa. Ukitaka kutumia mdalasini mara kwa mara, nunua vijiti, usinunue unga. Kijiti cha mdalasini wa kweli kina tabaka nyingi nyembamba zilizojikunja pamoja na huvunjika kwa vidole. Cha kasia ni kinene, kigumu, na mara nyingi ni tabaka moja lililojikunja. Ukisagwa, macho hayawezi tena kutofautisha.

Mjamzito akae mbali

Fikiri hivi: ikiwa gome kweli linabadili alama za jeni kwa nguvu, ni nani wa kwanza kuathirika? Ni mtoto aliye tumboni, ambaye seli zake ndizo zinazoamua kipi kiwe moyo na kipi kiwe uti wa mgongo.

Mfano upo. Valproate ni dawa nzuri ya kifafa, na mwaka 2001 iligunduliwa kwamba huzuia vimeng'enya vinavyobandua asetili. Karibu mtoto mmoja kati ya kumi ambao mama zao waliitumia wakati wa ujauzito huzaliwa na kasoro za maumbile. (Anayeitumia asiiache ghafla, amwone daktari, kwa sababu kifafa kisichotibiwa nacho ni hatari.) Basi anayekuambia unga wake wa magome unafika kwenye jeni, kisha akakuambia ni salama kwa mjamzito kwa kuwa ni wa asili, amesema mambo mawili yasiyokaa pamoja. Ama haufiki, ama si salama. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetafuta mimba wasinywe michemsho ya magome bila ushauri wa daktari.

Kinachofika kweli

Sasa niseme kilicho upande wako. Kipo kizuizi cha vimeng'enya vinavyobandua asetili ambacho hutengenezwa ndani ya mwili wako kila siku, na kinafika kwenye seli kwa kiwango cha milimoli, kiwango kilekile ambacho mwerebi hauwezi kukifikia. Kinaitwa butireti. Tangu miaka ya 1970 inajulikana kwamba hulimbikiza asetili kwenye histoni. Kwenye utumbo mpana hutengenezwa na bakteria wanapochachusha nyuzinyuzi ambazo tumbo halikuweza kuzisaga, na seli za ukuta wa utumbo huo huitumia kama chakula chao kikuu.

Malighafi yake ni maharage, kunde, choroko, dona, ulezi, mtama, mboga za majani na ndizi. Anayekula sembe nyeupe mchana na jioni, kisha akanunua kopo la magome la kuamsha jeni, ameacha njia iliyonyooka akachukua ya kuzunguka. Rudi kwenye dona, na uongeze kunde kidogo kidogo ili tumbo lizoee bila kujaa gesi.

Mambo mengine ambayo yameonekana kwa watu, si kwa sahani tu, ni haya. Moshi wa sigara huacha alama za metili zinazosomeka kwenye damu, na nyingi hurudi polepole mvutaji akiacha. Huko Gambia vijijini, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba majira ambayo mama alishika mimba, ya mvua au ya kiangazi, pamoja na lishe yake ya wakati huo, yaliacha tofauti katika alama za metili za mtoto. Ndiyo maana foleti ina maana: hushiriki katika kuandaa metili hizo, na mwanamke anayetarajia mimba hushauriwa kupata mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, tangu kabla ya mimba kutunga. Kidonge hicho hutolewa kliniki.

Ukiamua kutumia gome

Sikukatazi magome. Kwinini ilitoka kwenye gome la mkwinini, mti uliopandwa Amani katika Usambara na kuenezwa Kivu, na imeokoa wengi. Lakini iliaminika zaidi baada ya wanakemia Pelletier na Caventou kuitoa peke yake mwaka 1820, kwa sababu tangu hapo daktari aliweza kupima anachompa mgonjwa. Gome bichi halina kipimo: mti mmoja hutofautiana na jirani yake, na kijiko cha leo si cha kesho.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji mambo manne. Ni mti gani, kwa jina unalolifahamu na kwa jina la kitaalamu? Limetolewa vipi, kwa maji au kwa kimiminika kingine? Kipimo cha siku ni miligramu ngapi? Na lilijaribiwa kwa watu, kwa panya, au kwa seli tu? Kuuliza si ujinga, na muuzaji mwaminifu hatachukia. Tazama pia kama dawa imesajiliwa, Tanzania na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Usajili hauthibitishi hadithi ya jeni, lakini unaonyesha kwamba kuna anayeweza kuwajibishwa.

Usichanganye magome na dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kisukari, ya presha au ARV bila kumwambia daktari. Mwerebi huongeza hatari ya kutoka damu, na magome mengine huweza kushusha sukari kupita kiasi. Tumia gome moja kwa wakati mmoja ili likikudhuru ulijue. Likikupa kichefuchefu, macho ya manjano, mkojo mweusi au masikio kuvuma, acha siku hiyohiyo na uende hospitali ukiwa na kopo mkononi. Na kama unatibiwa saratani, usikatishe tiba kwa ajili ya unga wowote; ukitaka kuongeza gome, mwulize daktari wa saratani kwanza, kwa kuwa baadhi ya dondoo hubadili namna ini linavyosaga dawa za hospitali.

Daktari naye muulize bila aibu. Mwambie, "Daktari, ninakunywa gome hili, kiasi hiki, tangu mwezi huu." Wengi huficha wakiogopa kugombezwa, na daktari akabaki anatibu ini lililochoka bila kujua limechoshwa na nini. Ukimpa jina na kiasi, utakuwa umempa jibu la lile swali tuliloanza nalo, na yeye ndiye mwenye vipimo vya kukuambia kama damu yako, ini lako na figo zako zinaliafiki gome hilo.